Sauti ya Dakika Saba

Sauti ya Mireille iliingia katika kikundi cha korali Jumamosi, saa tisa na dakika kumi mchana, nayo ilikuwa ya dakika saba. Alikuwa ameirekodi nyuma ya jiko, kitenge kichwani, akizungumza karibu kabisa na simu kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati. Alikusudia kuituma kwa wasomaji wenzake, watu kumi na wanane wa Bukavu, Goma na Bujumbura, ambao kila Ijumaa walisoma kwenye simu sura mpya ya hadithi moja ya kubuni, kisha wakabishana juu yake hadi Ijumaa iliyofuata. Vikundi vyote viwili vilikuwa na picha ya ziwa. Mireille alibonyeza cha juu badala ya cha chini, akaiona sauti imekwenda, megabaiti zake zikaisha hapo hapo, akaitia simu katika mfuko wa sketi na kurudi kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Pale nyumbani, mama yake ndiye aliyeisikia kwanza. Séraphine alikuwa sebuleni kwenye mashine yake ya kushona, akitia bitana kwenye koti la mteja, na kwa kuwa naye aliimba soprano, simu yake ilikuwa katika kikundi hicho. Alibonyeza akidhani ni wimbo wa kujifunza. Badala ya wimbo ikatoka sauti ya binti yake, yenye haraka na furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

“Mi sikubali vile munasemaka kama Nalwindi ni mwoga,” sauti ilisema. “Aliruka kwenda ng’ambo ya maji, sawa. Lakini nani alimwambia abakie? Ateya? Ateya iko mulinzi, anajua kusimama tu. Musome tena sura ya kumi na ine. Bawa limevunjika, Ateya anamushonea manyoya moja moja muchana muzima, hawaongee hata neno. Kila mara sindano inaingia, Nalwindi anashika goti ya Ateya. Ile njo sura ya mapendo. Haiko ile ya busu yenye wote munapenda, juu busu kila mutu anaweza kuandika. Lakini wanamuke wawili kukaa hivi, mumoja anaumiza mwenzake juu apone, na mwenzake anakubali... mi nililia. Nilijiambia: basi, iko mutu fasi fulani anajua.”

Séraphine aliondoa mguu kwenye mashine na kusikiliza mpaka mwisho. Alipotazama kioo cha simu, watu walikuwa wameanza kuandika. Mmoja aliweka alama tatu za kuuliza. Mwingine akaweka mikono ya kusali. Mwingine akaandika, “Huyu Ateya ni nani?” Baada ya hapo hakuna aliyeandika tena, na ukimya huo ulimtisha Séraphine kuliko maswali.

“Mireille! Umetuma nini mu korali?”

Msichana alitokea mlangoni na mchi mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amemaliza masomo ya ualimu, bila kazi, mwenye sauti nzuri ya alto ambayo kanisa zima liliijua. Alitazama simu ya mama yake, akauweka mchi chini, akakimbia na mvua hadi kona ya barabara wanakouza megabaiti. Alirudi ameloa, akaifuta sauti ile kwa wote. Kufikia hapo wengi walikuwa wameshaihifadhi, na jioni hiyo ilimrudia Séraphine kutoka kwa watu watatu tofauti, mmoja wao mteja aliyeuliza kwa upole, “Ni kweli huyu ni wako?”

*

Komite ilikuja Jumanne. Walikuwa watatu: Pasta Lucien, Maman Monique, prezida wa korali, na katibu kijana aitwaye Parfait, aliyebeba daftari. Théodore, baba wa nyumba, alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya kanisa, na nyumba waliyokaa, juu ya mteremko wa Cahi, ilikuwa ya kanisa pia. Aliwapokea akiwa amevaa tai. Séraphine alisukuma mashine yake ukutani, akaazima kiti kwa jirani, akatandika kitambaa cheupe mezani. Juu ya kitambaa hicho Maman Monique aliiweka simu yake, akaongeza sauti hadi mwisho, na dakika saba zote zikachezwa tangu mwanzo.

Théodore hakuwa ameisikia mpaka siku hiyo. Alikuwa amekataa. Sasa alikaa akitazama mikono yake huku sauti ya binti yake ikieleza jinsi sindano inavyoingia. Mireille alikuwa amesimama kando ya kabati, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi.

“Ateya njo nani?” Pasta Lucien aliuliza ilipoisha.

“Ni mutu wa mu hadithi, Pasta.”

“Anakaa mu avenyu gani?”

“Hakai fasi. Ni mulinzi wa malkia. Ni hadithi tu.”

“Na huyu Nalwindi?”

“Naye vile vile. Iko na mabawa.”

Parfait aliinua kalamu. “Mabawa,” alirudia, akimtazama pasta kuuliza kama aliandike neno hilo.

“Ni neno ya siri,” alisema Maman Monique. “Watoto wa sasa wanajificha mu maneno. Pasta, mutu anawezaje kulilia mutu hayuko?”

“Maman Monique, kila Pasaka munaliaka wakati wa mchezo wa mateso,” Mireille alisema. “Na munajua vizuri kama ule ku musalaba ni Papa Luc wa famasi.”

“Mireille!” alisema Théodore.

Pasta Lucien hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha, na tangu vita viingie mjini alikuwa amezika watu wengi. Aliongea taratibu, karibu kama anayeomba. “Mi sitaki kuharibu mutoto wa mutu. Lakini wazee walikaa jana. Wanataka asimame mbele ya kanisa siku ya Mungu, asome barua, atubu. Na ataje mwenye alimufundisha. Mutu hajifundishi hii mambo peke yake.”

“Na kama hakuna mwenye alinifundisha?”

“Basi tutauliza wenzako wa alto,” alisema Maman Monique. “Mumoja mumoja.”

Pasta alisimama na kumpa Théodore mkono. “Papa Mireille, unajua hii nyumba ni ya kanisa. Na shule ni ya kanisa. Sisemi hivi kukutisha. Nasema juu wengine watasema.”

*

Tangu siku ile wanawake wa mtaani waliacha kumwita Séraphine Maman Mireille. Wakaanza kumwita Maman Bijou, kwa jina la binti yake mdogo aliyekuwa bwenini Walungu. Walilisema kwa upole, kama wanaomsaidia. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Hakuna aliyetaja sababu ya kweli. Mmoja alisema dada yake amenunua mashine, mwingine alisema harusi imeahirishwa, na wa tatu hakusema lolote ila alikikunja kitenge chake ambacho tayari kilikuwa kimekatwa, vipande vya mikono mbali na vya mwili, akakitia katika mfuko wa plastiki.

Théodore aliichukua simu ya Mireille na kuifungia katika mkoba wake wa shule. Mireille alikatazwa kutoka bila mama yake. Alifagia, akapika, akafua, na alipomaliza alikaa nyuma ya jiko akitazama mabati ya nyumba za chini.

Alhamisi, wakiwa wameinama juu ya mbabula ya makaa wakichagua samaki wadogo wa sambaza, Séraphine aliuliza bila kuinua macho, “Ule mwenye mabawa, alirudi?”

Mireille alimtazama mama yake akitafuta mtego. “Nani?”

“Nalwindi yako.”

“Munakumbuka jina?”

“Niliisikiliza. Mara ine.” Séraphine alitoa changarawe katika samaki. “Mu choo. Fasi ingine papa yako angesikia.”

“Hatujui kama alirudi, maman. Sura ingine inatoka kesho na mi sina telefone.”

“Mi naona Ateya hakukosea,” alisema Séraphine, akichukua samaki mwingine. “Aache mulango wa malkia, aende wapi? Mutu kama ule iko na watu nyuma yake. Ule mwingine iko na mabawa, kwake ni rahisi.”

Mireille alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. “Njo vile watu wa Bujumbura wanasemaka! Wote wanamutetea Ateya.”

“Basi watu wa Bujumbura wana akili.”

“Lakini, maman, haiko rahisi. Kuruka na bawa lenye lilishonwa? Kila upepo anasikia nyuzi. Mi naamini alienda juu alichoka kungojea mutu amuambie neno moja.”

Mafuta yalianza kulia katika sufuria. Séraphine aliwamimina samaki, akafunika, akabaki ameshika mfuniko.

“Ni Apolline, mwenzako wa alto?” aliuliza.

Uso wa Mireille ulibadilika, na Séraphine akauinua mkono upesi kama mtu anayezuia sufuria isianguke.

“Usiniambie. Nikijua, wataniuliza, na mi sijui kudanganya mbele ya pasta.”

*

Apolline alikuja kesho yake, Ijumaa, akiwa na mama yake mzazi. Alikuwa alto mwenzake Mireille, mwanafunzi wa uuguzi katika mwaka wake wa mwisho, mchumba wa Hervé, kijana aliyefanya biashara ya dhahabu Shabunda. Séraphine ndiye aliyekuwa ashone gauni lake la harusi. Na Apolline ndiye aliyemtumia Mireille sura ya kwanza ya hadithi ile, miaka miwili iliyopita. Walikuwa wakiisoma kwa simu moja wakitembea Muhumba karibu na maji, kila mmoja akishika upande wake, na mmoja akimaliza ukurasa kabla ya mwenzake alimngoja. Hayo hakuna aliyeyajua nje ya wao wawili.

“Tumekuja kuchukua satini,” alisema mama yake Apolline. Hakuketi. “Tumepata fundi kule Nyawera.”

“Bado sijakata,” alisema Séraphine. “Iko nzima.”

“Njo vizuri.”

Séraphine alikwenda kuitoa katika sanduku chumbani, na mama yake Apolline akamfuata hadi mlangoni ili akague kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Kwa muda mfupi wasichana walibaki peke yao sebuleni, na meza katikati yao. Apolline alikuwa amekonda. Alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

“Waliniita juzi,” alinong’ona. “Maman Monique. Na jana tena.”

“Mi sijasema kitu.”

“Mireille, Hervé akisikia, baba yake atadai mahari yote. Papa ataniua.” Alitazama mlango wa chumbani. “Usinitaje. Nakuomba.”

“Na sura ya leo uliisoma? Ama haijatoka?”

Apolline alimtazama kana kwamba mwenzake amerukwa na akili. “Nilifuta yote. Kila kitu. Hata namba yako.”

Wamama walirudi. Satini ilikuwa imekunjwa katika karatasi. Apolline alisema, kwa sauti ya kawaida, “Asante kwa vipimo, maman,” na yeye na mama yake wakateremka mlimani wakishikana mikono kwa sababu ya utelezi.

*

Jumamosi Théodore aliketi na binti yake mezani kuandika barua. Ndivyo walivyokuwa wakiketi alipokuwa mdogo, baba akimfundisha kusoma kutoka vitabu vya shule vilivyoliwa na panya. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mireille, na Théodore alisimamia tahajia.

“Hapa: ‘mbele ya Mungu na mbele ya kanisa’. Weka alama. Sasa: ‘Nilipotoshwa na’. Halafu uache fasi.”

Mireille aliacha nafasi. Ilionekana kubwa kwenye karatasi.

“Papa, munajua ni hadithi. Munafundishaka hadithi kila siku.”

“Nafundisha yenye iko mu programu.”

“Mukiniuliza kama ni hadithi, nitasema ndiyo. Mukiniuliza kama ni uongo, nitasema hapana.”

Théodore aliivua miwani na kuyasugua macho. Alikuwa ameyaelewa maneno hayo vizuri kuliko alivyotaka. “Nina miaka makumi tano na tatu,” alisema. “Tukitoka hapa tutaenda wapi? Benki zimefungwa. Uwanja wa ndege umefungwa. Tonton yako Akonkwa alikimbia shamba, iko Bagira mu chumba kimoja na watoto saba. Tutaenda kulala juu ya watoto wake? Niandikie jina moja, mutoto wangu, tumalize.”

“Ya nani?”

“Ya mutu mwenye hawezi kuumia nayo.”

“Iko mutu wa hivyo mu korali?”

Baba akavaa miwani, akaichukua barua, akasahihisha neno moja, akamrudishia ikiwa na nafasi ile wazi.

*

Jumapili kanisa lilikuwa limejaa kuliko Krismasi. Watu walisimama hadi nje kwenye ngazi. Korali ilivaa majoho ya buluu, na kiti cha Mireille katika safu ya pili ya alto kilikuwa kimeondolewa, wenzake wakasogeana ili pengo lisionekane. Apolline alikuwa wa tatu kutoka ukutani. Séraphine aliimba pamoja na wengine nyimbo mbili za mwanzo, kisha akawa anafungua mdomo tu.

Mireille alisoma wima, polepole, kama alivyofundishwa. Alikiri kusoma mambo yasiyofaa. Alikiri kuyasema kwa sauti. Aliomba radhi korali, wazee na wazazi wake. Parfait alimshikia kipaza sauti.

“‘Nilipotoshwa na,’” alisoma Mireille, akanyamaza.

Watu walingoja. Mtoto alilia nyuma, akatolewa nje. Maman Monique alikuwa ameshageuza kichwa kuelekea safu ya alto, na macho yake yalikuwa yanatembea kutoka uso hadi uso bila haraka. Yalipofika kwa Apolline yakasimama.

“Nalwindi,” alisema Mireille.

Mnong’ono ulipita kanisani. Pasta Lucien alisogea. “Ule wa mu hadithi?”

“Haiko wa hadithi, Pasta. Nilidanganya.”

“Basi ni mutu kweli?”

“Ni mutu kweli.”

“Wa hapa Bukavu?”

“Wa ng’ambo ya maji.”

“Cyangugu?”

“Mbali zaidi. Alienda, hatarudi.”

Maman Monique alifumba macho na kuitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa. Katika benchi la walimu, Théodore alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Ni yeye peke yake, ukiondoa wasichana wawili na Séraphine, aliyejua binti yake amefanya nini. Jana yake Mireille angeweza bado kusema ni hadithi tu, na baada ya mwaka watu wangechoka kulisema. Sasa alikuwa amelitamka mwenyewe, kwa kipaza sauti, kwamba kulikuwa na mwanamke, na maneno hayo hayafutiki kwenye simu ya mtu yeyote.

Pasta aliinua mkono. Watu wakasimama kwa mamia, wakanyoosha mikono mbele na kuanza kulifukuza jina hilo. “Nalwindi, toka! Nalwindi, muache!” Kipaza sauti kilipiga mluzi. Mireille alipiga magoti kama alivyoagizwa. Kati ya mikono yote ile iliyonyooshwa aliuona wa Apolline, umenyooka kama ya wengine, na midomo yake ilikuwa inasema maneno yale yale. Machozi yalimtiririka Apolline mpaka kidevuni, na waliokuwa kando yake walimshika mabega wakidhani ni Roho.

*

Uamuzi ulisomwa jioni. Mireille asiimbe mwaka mzima. Asitembee bila mtu mzima. Kila Jumatano wamama sita waje nyumbani kumwombea hadi kamba kati yake na Nalwindi ikatike. Mwalimu Théodore abaki kazini na katika nyumba, kwa sababu binti yake amesema ukweli.

Usiku ulikuwa haujaingia bado wakati Théodore alipoivua tai na kuitundika kwenye kiti. “Ule mutu hayuko,” alisema.

“Hayuko, papa.”

“Na sasa watu wote wanajua kama iko.”

“Ndiyo.”

“Hakuna mwanaume atapiga hodi hapa juu yako. Hakuna shule itakupa darasa. Unafahamu vile umefanya?”

“Nafahamu.”

“Juu ya nani?”

Théodore alikuwa amefundisha muda mrefu kiasi cha kumtambua mwanafunzi anayejua jibu na hatalitoa. Alikwenda chumbani, na simu ya binti yake akabaki nayo.

Harusi ya Apolline ilipita mwezi wa nane. Magari yalipiga honi kuteremka hadi Nyawera, na mtu aliyeyasikiliza kutoka nyuma ya jiko angeweza kufuata kila kona. Hakuna ujumbe uliokuja, si kwa mdomo wala kwa karatasi. Wiki mbili baadaye ilisikika kwamba bibi harusi amehamia kwa wakwe, na ameacha korali kwa sababu mumewe hapendi mazoezi ya jioni.

Wamama walikuja kila Jumatano saa tisa. Walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye viti vya jirani, wakaomba kwa saa moja, na baada ya kuomba walikaa kunywa chai na kumzungumza Nalwindi. Mwanzoni walimwogopa. Baadaye wakamzoea. Mmoja alisema shemeji yake alimwona Kamembe, mrefu, mwenye duka la mawigi. Mwingine alikataa: Nalwindi hawezi kuuza mawigi, mtu wa aina hiyo ana fedha zake. Maman Monique mwenyewe alimwota mara mbili, na katika ndoto ya pili Nalwindi alikuwa amekaa juu ya paa akilia.

“Analia juu ya nini?” aliuliza mwanamke mmoja.

“Sikuona vizuri.”

“Labda anajuta.”

“Hapana, ule hawezi kujuta. Mi naona alimupenda mutoto kweli, lakini kwa njia mbaya.”

“Kama alimupenda, juu ya nini alimuacha?”

Mireille alikuwa anamimina chai. Alikuwa na majibu matatu, yote yenye nambari za sura. Alijaza kikombe, akageukia kingine.

Jumatano ya sita Maman Monique alisema, “Maman Bijou, leo wewe utufungie maombi.”

Séraphine alikuwa amepiga magoti karibu na mashine ambayo haikuwa na kazi tena. Hakuwahi kuongoza maombi hayo. Alifumba macho.

“Bwana,” alianza, “unamujua Nalwindi. Sisi hatumujue. Fasi yenye iko, kama kuna baridi, umufunike. Kama bawa... kama mwili unamuuma, umuponyeshe. Kama iko na mama, mama yake asikufe bila kumuona. Mu jina la Yesu.”

“Amina!” waliitikia wote, kwa mazoea. Kisha jicho moja likafunguka, na jingine.

“Maman Bijou,” alisema Maman Monique, “umeomba nini?”

“Nimeomba.”

“Umemuombea!”

“Mi najua kuombea tu,” alisema Séraphine. Magoti yalimuuma na hakujua kama ainuke. “Kufukuza, nawaachia ninyi.”

Hakuna aliyekunywa chai siku ile. Théodore, aliyekuwa chumbani akisahihisha madaftari, alikuwa amesikia kila neno kupitia pazia. Alitoka akawasindikiza wamama hadi barabarani kwa sababu njia ilikuwa na matope, akawaaga mmoja mmoja kwa heshima. Aliporudi alimkuta mke wake bado yuko chini, amejishika kiuno. Alimpa mkono, akamwinua, akarudi kwenye madaftari yake.

Pasta Lucien aliitisha wazee tena. Walikubaliana kwamba roho ile imemgusa mama pia.

Jumatano iliyofuata wamama walikuja tisa. Séraphine aliambiwa apige magoti katikati ya sebule, bega kwa bega na binti yake, na mikono ikawekwa juu ya vichwa vyao, mizito, yenye jasho. Maombi yalianza chini, yakapanda, hadi mtu hakuweza kusikia sauti ya aliye karibu naye. Viti vilisogea, mabati yaliitikia, jina la Nalwindi lilipigwa huku na kule kama ngoma.

“Maman,” Mireille alisema, mdomo wake karibu na sikio la mama yake.

“Nakusikia.”

“Munataka nianzie sura ya kwanza?”

Mkono wa mtu uliwasukuma vichwa chini zaidi. Séraphine aliinama nao mpaka paji la uso likagusa sakafu.

“Pole pole,” alisema. “Na usiruke hata kitu kimoja.”